Mpanga Mabehewa wa Kiwanda cha Sabuni

Ndugu, jamaa, majirani, na nyinyi wazee wa reli mlioketi upande ule wa kivuli: wasifu huu umeandikwa na mdogo wake marehemu, naye ndiye anayeusoma. Alitaka usomwe na mpwa wake mwenye sauti nzuri, lakini mjane amekataa, na sababu yake mtaisikia. Humu mna tarehe na mahali, kama ilivyo kawaida. Mna pia jambo moja ambalo marehemu aliishi miaka thelathini na mitano bila kulijua, na ilikuwa haki yake kuambiwa akiwa hai. Hakuambiwa. Linasemwa leo mbele yenu, ili angalau asizikwe na lawama isiyo yake.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa kwanza kati ya watatu, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la magunia, hatua kumi na mbili kutoka kwenye reli. Hatua hizo alizihesabu mwenyewe tangu utotoni na akazitaja maisha yake yote, kama wengine wanavyotaja ukoo wao. Siku hizo reli za viwandani zilitambaa kila upande wa mtaa wetu. Moja iliingia kiwanda cha sabuni, moja kiwanda cha magunia, moja ilikwenda ghala la saruji, na zote zilianzia kwenye njia iliyopita katikati ya nyumba za watu, karibu mno, hata behewa likipita vyombo vilitikisika kabatini. Mama alipokuwa akijifungua, behewa la mafuta ya pamba lilikuwa likisukumwa nje ya dirisha, na mkunga ilibidi apige kelele ndipo asikike. Mama alikuwa akisimulia kwamba mtoto hakulia mpaka behewa lilipokwisha kupita. "Alikuwa anasikiliza," alisema. Pengine mama alitia chumvi kidogo, lakini hakuna aliyembishia.

Alianza shule ya msingi mwaka 1958. Hakuwa mtoro, ila kwa kuchelewa hakuwa na mpinzani. Reli ilikata njia ya shule, na ikiwa injini ya asubuhi inapanga mabehewa, yeye alisimama akatazama mpaka mwisho. Siku moja mwalimu wa hesabu alimuuliza kwa nini amefika saa mbili na nusu. Akajibu, "Wamekosea, mwalimu. La saruji wameliweka mbele, na ndilo la kushuka mwisho. Itabidi warudie kazi yote." Mwalimu akampigisha magoti. Mchana mwalimu mwenyewe akipita relini kwenda kwake akawakuta watu wazima wanarudia kazi yote huku wanagombana. Tangu siku hiyo alimwita Bwana Stesheni, na hakumpigisha magoti tena kwa kosa hilo.

Aliingia kidato cha kwanza mwaka 1966. Mwaka uliofuata baba alifariki, na marehemu akaacha masomo. Hakuna aliyemwambia aache. Alichukua madaftari yake, akachana kurasa zilizokuwa zimeandikwa, akashona upya zile tupu kwa sindano ya magunia, akamkabidhi mdogo wake aliyekuwa na miaka minane. "Haya, zijaze wewe," alisema. Mdogo wake alizijaza michoro ya injini, na kwa hilo alistahili makofi ambayo hakuyapata.

Tarehe 3 Juni 1968 marehemu aliajiriwa na kiwanda cha sabuni kubeba maboksi, na mwaka 1972 akawa mpanga mabehewa. Kwa vijana ambao hawakuiona kazi hii, ni vizuri kueleza. Injini ilikuja mara mbili kwa siku, saa sita mchana na saa tisa alasiri, ikisukuma mabehewa kuyaingiza kiwandani. Dereva yuko nyuma kabisa, haoni kinachokuja mbele. Anachoona ni mkono wa mpanga mabehewa. Mkono ukipanda anasukuma, ukishuka anapunguza, ukikatwa hewani anasimama. Kisha mpanga mabehewa anaingia katikati, anafungua cheni nzito inayounganisha behewa na behewa, injini inaondoka, naye anapita behewa moja baada ya jingine akizungusha gurudumu la breki ya mkono mpaka ligome. Ardhi ya pale ina mteremko mdogo kuelekea langoni, hivyo breki haikuwa jambo la mzaha. Miaka kumi na miwili aliifanya kazi hiyo bila mtu kupoteza hata ukucha. Dereva mmoja, naye sasa ni marehemu, alikuwa akisema, "Nikiuona mkono wa yule bwana, nasukuma huku napiga miayo."

Pale njia ilipopita katikati ya nyumba, marehemu alitangulia mbele ya injini kwa miguu, bendera nyekundu mkononi, akiita, "Nguo! Nguo! Nguo!" ili watu watoe nguo kwenye kamba kabla moshi haujafika. Mwezi Aprili 1979 kamba moja ilichelewa. Shuka jeupe lilinaswa na ngazi ya injini likaburutwa mpaka kiwandani. Jioni marehemu alilirudisha, amelifua kwa sabuni ya kiwandani, amelikunja vizuri. Binti mwenye shuka akalikunjua pale pale mlangoni, akaliinua kwenye mwanga, akasema, "Hapa umeruka." Akamrudishia. Marehemu alilifua mara tatu. Mara ya nne alikuja na mama yake na shangazi yake, na shuka likasahaulika. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 20 Desemba 1980, wakajaliwa mabinti wawili. Mjane aliomba iandikwe kwamba mpaka anaingia kaburini mume wake hakujua kufua.

Sasa tufike pale ambapo msomaji angependa kuruka.

Mwezi Februari 1984 marehemu alimwombea mdogo wake kazi ya upakiaji katika kiwanda hicho hicho. Alimshika mkono kama mtoto, ingawa alikuwa jitu la miaka ishirini na mitano, akamfikisha kwa msimamizi na kusema, "Huyu ni damu yangu. Akiharibu, niulizeni mimi." Watu husema hivyo kila siku, na kwa kawaida hakuna anayekuja kuwauliza. Yeye aliulizwa.

Wapakiaji walikuwa na tabia yao. Behewa tupu likisimama hatua tatu au nne mbali na jukwaa la kupakilia, sheria iliwataka wasubiri injini ije ilisogeze. Nani angesubiri? Walilegeza breki wenyewe, wakatia mtaimbo nyuma ya gurudumu, wakaegemeza mabega, "haya, haya, njoo mama!" mpaka mlango wa behewa ukakutana na jukwaa. Waliita kulibembeleza behewa. Msimamizi alijua, akawa anageuza uso. Sharti lilikuwa moja tu, nalo kila mpakiaji alifundishwa siku ya kwanza: aliyelegeza ndiye anayekaza, na hakuna anayelegeza akaondoka.

Alhamisi tarehe 9 Agosti 1984, kabla tu ya saa saba mchana, marehemu alikaza breki za mabehewa matatu, akanawa mikono, akaenda kula. Wapakiaji nao wakaenda kula. Mdogo wake alibaki nyuma kidogo. Alikuwa mgeni kazini na alikuwa na kiherehere cha kuonekana mchapakazi. Alipanga kwamba wenzake wakirudi wakute behewa la mwisho liko tayari kubembelezwa, wasipoteze muda. Akapanda, akazungusha gurudumu la breki mpaka likalegea, akashuka, akachomeka kabari ya mti chini ya gurudumu la behewa. Kisha akaenda zake kula. Reli ya pale ilikuwa na utelezi wa mafuta ya miaka yote ile. Kila mtu alilijua hilo, na yeye alilijua.

Saa saba na dakika ishirini kabari iliteleza. Behewa lilianza kushuka polepole, hata waliokuwa uani hawakugeuka. Lilipofika langoni lilikuwa limeshapata mwendo. Liling'oa lango lote, likamkumba bawabu aliyekuwa ameliegemea, likavuka barabara na kwenda kujibamiza kwenye ukuta wa karakana. Kwa bahati barabara ilikuwa tupu. Lakini mguu wa kulia wa bawabu ulivunjika sehemu mbili, na mpaka leo anatembea kwa fimbo. Yupo hapa, ameketi kiti cha mbele.

Watu walikusanyika kwenye behewa lile. Msimamizi aliwapenya mpaka mbele.

"Nani alikaza breki ya hili?"

"Mimi," alisema marehemu.

"Una hakika ulikaza?"

Marehemu alipanda akaligusa gurudumu la breki. Lilizunguka kwa kidole kimoja. Mtu mwingine angepiga kelele kwamba kuna aliyelichezea. Yeye alishuka, akajitazama viganja, mbele, nyuma.

"Nadhani nilikaza," alisema.

"Unadhani? Mwenzako amevunjika mguu, wewe unadhani?"

Mdogo wake alikuwa amesimama hatua tano kutoka pale, kijiko bado kiko mkononi. Wapakiaji waliulizwa mmoja mmoja kama kuna aliyeligusa behewa. Wote walisema hapana, na wote walisema kweli isipokuwa mmoja.

Jioni ile marehemu alikaa ukingoni mwa kitanda nyumbani kwake. Mkewe alikuwa amempeleka mtoto kwa bibi yake. Walikuwa wawili tu, kaka na mdogo wake, mlango umefungwa. Kama palikuwa na wakati wa kusema, ndio ule.

"Mdogo wangu," alisema, "hebu niambie wewe. Mimi naweza kweli kusahau breki?"

Na mdogo wake akajibu, "Mtu huchoka, kaka. Hutokea."

Jamani, kulegeza breki lilikuwa kosa, na makosa watu hufanya. Neno lile halikuwa kosa. Lilitamkwa na mtu mzima aliyekuwa na akili zake timamu. Marehemu alitikisa kichwa taratibu, akakubali. Tangu jioni ile aliamini kwamba mikono yake ilimsaliti, kwa sababu aliyemwambia hivyo ni mtu ambaye asingemdanganya.

Mdogo wake alijiambia atasema kesho. Kesho yake marehemu alikuwa ameshatia sahihi karatasi ya kukiri uzembe. Baada ya hapo ikawa bawabu atoke hospitali kwanza, ikawa mambo yapoe kwanza, ikawa mama asisikie, halafu mama akafariki na ikatafutwa sababu nyingine. Alipiga tarehe miaka thelathini na mitano.

Marehemu aliondolewa kwenye mabehewa akapewa jembe. Kazi yake ikawa kung'oa nyasi katikati ya mataruma, kwenye reli zile zile alizokuwa akizitawala kwa mkono. Wenzake, kwa utani ule wa kazini usiojua kipimo, wakampachika jina la Nadhani. "Nadhani, umefunga bomba?" "Nadhani, leo ni Jumatatu?" Aliitikia, hata akacheka nao. Mnaomwita Mzee Nadhani mtaani mkidhani ni jina la ukoo, sasa mmejua lilikotoka, na familia inaomba liishie hapa. Nafasi yake ya kupanga mabehewa alipewa, mwezi Oktoba mwaka ule ule, mdogo wake. Na aliyemfundisha ni marehemu. Alimwonyesha mkono wa kusukuma, mkono wa kupunguza, mkono wa kusimamisha. Kwenye breki alimshika mabega, akamwambia, "Ukishakaza, rudi uguse tena. Usijiamini. Mimi nilijiamini." Mdogo wake aliitikia ndiyo, na akaifanya kazi ile miaka kumi na miwili akisifiwa.

Kuanzia hapo marehemu hakukiamini kitu chochote alichokifunga mwenyewe. Mlango aliugusa mara tatu. Jiko alilizima, akatoka, akarudi kulitazama, akafika barabarani, akarudi tena. Mabinti wake walimcheka, na mara nyingine walimkasirikia kwa sababu walichelewa shule. Mjane aliacha kumsemesha kuhusu jambo hilo. Alimngoja tu barabarani na pochi yake kwapani. Na kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, bila kukosa, marehemu alikwenda kwa bawabu. Alimwezekea paa, alimchimbia shimo la choo, alimpeleka kliniki. Bawabu alimwambia zaidi ya mara moja, "Ndugu yangu, huu mguu mimi nilishauzoea. Wewe ndiye unachechemea." Marehemu alicheka, na mwezi uliofuata akaja tena.

Behewa la mwisho liliingia kiwandani Ijumaa tarehe 28 Juni 1996. Malori yalikuwa yameshachukua kazi yote, na miaka miwili baadaye kiwanda nacho kikafungwa. Reli zilizokuwa uani zilikatwa zikauzwa chuma chakavu. Zile za mitaani hakuna aliyehangaika kuzing'oa. Walimwaga lami juu yake. Marehemu alipata kazi ya kutunza majengo ya shule ya msingi, akaifanya mpaka mwaka 2011, na mwalimu mkuu alimpa cheti kwa uangalifu wake wa kufunga milango. Cheti hicho hakukitundika.

Jumamosi aliwachukua wajukuu akatembea nao pale zilipokuwa reli. Alijua kila kitu kilicho chini ya lami. "Hapa njia inagawanyika. Kushoto magunia, kulia sabuni. Hapa bibi yenu alikuwa na kamba yake." Alisema inagawanyika, hakusema iligawanyika. Wajukuu waliinama wakaweka masikio kwenye lami, wakaapa kwamba wanasikia treni, naye akawakubalia. Wakikaribia kiwanda cha sabuni aliwavusha barabara, wakapita upande wa pili. Mdogo wake aliandamana nao mara nyingi, na kila walipovuka alielewa kwa nini wanavuka, akatazama chini akavuka nao.

Mwaka 2017 marehemu aligundulika kuwa na maradhi ya figo. Alitibiwa kwa kwenda na kurudi, mpaka tarehe 21 Oktoba mwaka huu wa 2019 alipolazwa. Ijumaa tarehe 1 Novemba mchana, mdogo wake alipiga moyo konde. Aliomba ruhusa ya kutoka kazini mapema, akanunua machungwa, akapanda ngazi za wodi akiwa ameshapanga maneno yake. Alimkuta marehemu yu macho, sauti imekwisha nguvu. Alikaa, akamshika mkono, akasema, "Kaka, kuna jambo la kiwandani nataka nikuambie."

"Ngoja," alisema marehemu. "Niangalizie kwanza lile bomba, kama nimelifunga."

Bomba la wodi lilikuwa mwisho wa chumba. Marehemu alikuwa hajashuka kitandani siku nne. Mdogo wake aliinuka, akaenda, akaligusa. Lilikuwa limefungwa. Aliporudi alimkuta amelala, uso umetulia. Angeweza kumwamsha. Alijiambia, mwache apumzike, nitasema kesho. Alimenya chungwa moja akalila mwenyewe, akaenda nyumbani.

Jumamosi tarehe 2 Novemba, saa nne na dakika kumi asubuhi, marehemu alifariki dunia akiwa na umri wa miaka sitini na minane. Mdogo wake alikuwa kwenye foleni ya lango la hospitali.

Juzi jioni, kama ilivyo kawaida, mdogo wake alimpelekea mjane karatasi hizi ahakiki tarehe. Mjane alisoma akicheka kidogo kwenye habari za shuka. Alipofika mwezi Agosti alirudi mwanzo wa ukurasa. Akasoma mara ya pili. Akavua miwani.

"Hii ni kweli, au umeipamba ili watu walie?"

"Ni kweli, shemeji."

"Ulikuwa unakula kwangu kila Jumapili."

"Ndiyo, shemeji."

Alizipanga karatasi sawasawa mapajani. Kisha akasema, "Utasoma mwenyewe. Bawabu akae mbele, asikie vizuri. Na usipunguze hata neno." Akarudisha miwani, akamalizia kurasa zilizobaki.

Basi ijulikane kwa wote waliofanya kazi naye, waliomcheka, waliomsamehe bila yeye kuwa na kosa, na hasa kwako wewe bawabu: marehemu hakusahau. Siku ile alikaza breki zote tatu, kama alivyozikaza kila siku.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, wakwe wawili wa kiume, wajukuu watano, dada mmoja na mdogo wake mmoja. Huyu wa mwisho alipoandika orodha hii hakujitia. Mjane amemwongeza kwa kalamu yake, kwa mwandiko wake, na mpaka asubuhi hii bado hajamsemesha tena.

Mungu ampokee kaka, na ampe sasa pumziko tulilomnyima.